Naandika hadithi ya mama yake Leonardo da Vinci. Njooni mnibishie

MwanaMtoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, hamjambo humu. Uzi nimeuweka jukwaa la hadithi, ila zaidi ya nusu yake ni historia, kwa hiyo watu wa historia nao wasibaki mlangoni.

Leonardo da Vinci alikuwa na tabia ya kuandika matumizi yake kwenye vijidaftari vya mfukoni. Kimoja, cha miaka ya 1490 alipokuwa Milan, kina ukurasa wa gharama za kumzika mwanamke aitwaye Caterina. Nauweka kama ulivyo (soldi ni sarafu yao):

Nta ratili 3, soldi 27. Jeneza, 8. Shuka ya kufunika jeneza, 12. Kubeba na kusimika msalaba, 4. Kubeba maiti, 8. Mapadri 4 na makleri 4, soldi 20. Kengele, kitabu na sponji, 2. Wachimba kaburi, 16. Mkubwa wao, 8. Kibali cha serikali, 1. Jumla 106.

Halafu chini yake: tabibu 5, sukari na mishumaa 12. Jumla 123.

Mnaona alivyofanya? Kaifunga hesabu, kisha akakumbuka kwamba kabla mtu hajafa huwa anaumwa, akaifungua tena.

Caterina ni jina la mama yake. Na maandishi mengine yanayomhusu yana harufu hiyohiyo ya daftari la duka. Leonardo alipozaliwa, babu yake mzaa baba, mzee Antonio, aliandika kwenye daftari la zamani la ukoo: amezaliwa mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu ser Piero, 15 Aprili 1452, Jumamosi, saa 3 ya usiku. (Saa zao zilihesabiwa tangu jua kuchwa, kama zetu. Nilipogundua hilo nilimpenda huyu mzee kwa dakika mbili.) Akamtaja padri aliyebatiza. Akawataja watu 10 waliosimama kwenye ubatizo. Aliyezaa hakumtaja.

Miaka 5 baadaye, 1457, mzee huyohuyo anajaza hati ya kodi, anaorodhesha waliomo nyumbani. Hapo ndipo jina linatoka: Lionardo, miaka 5, si wa ndoa, mtoto wa Piero na Caterina, ambaye sasa ni mke wa Accattabriga. Hilo la mwisho ni jina la utani, ukilileta kwetu ni kama Mtaka-shari. Ser Piero mwenyewe alioa mwaka uleule wa 1452, bibi mwenye ukoo wake, Albiera degli Amadori.

Kuna hati nyingine tena, hii ndiyo iliyonitoa usingizini. Machi 2023 profesa Carlo Vecce wa Chuo Kikuu cha Napoli L'Orientale alitangaza kwamba kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Florence amepata hati ya 2 Novemba 1452. Bibi mmoja, Ginevra, mke wa Donato Nati, anamwacha huru mtumwa wake. Jina la mtumwa: Caterina, binti Jacob, kutoka pande za Circassia, nchi ya Wacherkesi. Na notari (mwandishi rasmi wa hati za kisheria) aliyeiandika hati hiyo, mkono wake mwenyewe, ni ser Piero da Vinci. Leonardo alikuwa na miezi sita na nusu.

Sasa mimi nataka kumwandika huyu mama. Sharti nililojiwekea: ndani ya hadithi pasiwepo mtu anayejua kwamba mtoto atakuja kuwa Leonardo. Nimechoka na mama wa watu maarufu kuandikwa kama ngazi. Aliishi kati ya wanaume wenye kalamu, kila mmoja anahesabu chake, nami nataka kuandika kilichopita kati ya tarakimu na tarakimu.

Nitashusha vipande. Bisheni.

KitiChaMbele

Navuta kiti. Endelea mkuu, kahawa ipo jikoni.

Kalamu_Butu

Mkuu MwanaMtoni, uzi mzuri lakini umeingia kwa kasi. Caterina yupi?

Florence ya karne ya 15 mtumwa akibatizwa alipewa majina yaleyale machache: Caterina, Maria, Lucia, Marta. Ukitupa jiwe sokoni unampiga Caterina. Mwaka 2008 Francesco Cianchi alileta Caterina wake, mtumwa wa tajiri Vanni di Niccolò, rafiki wa ser Piero, yule aliyemwachia Piero nyumba ya via Ghibellina. Mwaka 2017 Martin Kemp na Giuseppe Pallanti wakaleta Caterina mwingine, binti Meo Lippi, yatima wa kijijini palepale Vinci, umri wa miaka kama 15. Huyo si mtumwa wala Mcherkesi, ni msichana masikini wa shamba aliyepewa mimba na kijana wa mjini aliyekuja likizo. Hadithi ya kila siku, hata mtaani kwangu ipo.

Kwa hiyo una Caterina watatu na mtoto mmoja. Umemchagua wa Circassia kwa kuwa ana ushahidi au kwa kuwa ana utamu?

MwanaMtoni

Kalamu_Butu, swali la haki. Sheria ya mahakamani inanipa hati ya 1452 yenye jina na mkono wa Piero, basi. Mimi ni mwandishi wa hadithi, utamu nimeuona pia, sikatai. Vecce mwenyewe, na ni profesa wa fasihi wa miaka mingi, aliamua kuuandika ugunduzi wake kama riwaya. Kuna kitu pale kisichokaa kwenye makala ya kitaaluma.

Ila sababu yangu ya kumchagua ipo karibu zaidi na nyumbani. Mie nimekulia Bububu, Unguja. Kila siku ya skuli nilipita magofu ya Mtoni, jumba la Sayyid Said. Pale alizaliwa mwanawe, Binti Salme, 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Salme ameliandika hilo kwenye kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886: babu yake mzaa mama alikuwa mkulima, vita vikaingia, familia ikajificha chini ya ardhi, wakagunduliwa, wazee wakauawa. Wapanda farasi watatu wakagawana watoto watatu. Yule wa kaka akapotea upesi. Wa dada mdogo wa miaka mitatu, anayemlilia mama, na wa Jilfidan wakaenda pamoja hadi jioni, nao wakaachana. Jilfidan hakusikia tena habari zao maisha yake yote. Alifika kwa Sayyid Said akiwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza la utoto lilimtoka nyumbani kwao Salme.

Jilfidan na Caterina wametengana miaka 400 hivi, na wameibiwa upande mmoja wa dunia, milima ileile nyuma ya Bahari Nyeusi. Zama za Caterina njia ilikuwa bandari ya Tana (si mto wetu) kwa Waveneti na bandari ya Caffa kwa Wagenoa, kisha Constantinople, kisha Venice au Genoa. Florence wenyewe waliruhusu kuingiza watumwa mwaka 1363, baada ya tauni ya 1348 kuwamalizia watumishi, kwa sharti kwamba mtumwa asiwe Mkristo wa Kikatoliki. Akishafika, wanambatiza. Wengi walikuwa wasichana.

Halafu hili linanichoma. Kwa sheria yetu ya Kiislamu mtoto wa suria, baba akimkubali, ni huru na anarithi. Sayyid Said hakuacha mtoto kwa mke wa ndoa, wote waliobaki walikuwa wa masuria. Sayyid Majid, mama yake Mcherkesi, alikaa kitini Unguja. Barghash, mama yake Mhabeshi, akamfuata. Kule Florence, mtoto wa Caterina hakuruhusiwa hata kuwa notari kama baba yake, kwa sababu chama cha mahakimu na manotari hakikupokea mtoto wa nje ya ndoa. Akapelekwa kujifunza uchoraji.

Bi_Kidawa

MwanaMtoni mwanangu, hapo pa masuria umeteleza kidogo. Usitupambie. Majid kuwa sultani ni habari ya Majid. Jilfidan hakuulizwa, na waliokuwa mashambani mikarafuuni hawakuwa Wacherkesi wala hawakuzaa masultani. Bibi yangu alikuwa na somo yake aliyeitwa Faida. Unajua jina la Faida alikuwa anapewa nani? Faida, Zawadi, Baraka, Mabruki, Feruzi. Mtu ananunuliwa, anapewa jina la kile mnunuzi anachokitaka. Caterina naye hakuzaliwa Caterina.

Swali langu: kwenye hadithi yako utamwitaje kabla hajabatizwa?

MwanaMtoni

Shikamoo Bi Kidawa. Nimekubali kofi hilo. Nilikuwa nimeandika rasimu yenye jina la Kicherkesi nililolitafuta mtandaoni, zuri, linasikika kama maji. Nimelifuta leo. Nikimpa jina jingine nitakuwa mtu wa tatu kumbatiza bila kumuuliza. Sura za mwanzo ataitwa "yule mdogo", kama watoto wanavyoitwa nyumbani.

Haya, kipande cha kwanza. Tarehe 2 Novemba 1452, Siku ya Marehemu Wote.

*Kengele za makanisa zilikuwa zinalia tangu alfajiri kwa ajili ya wafu, ndiyo maana hakuna aliyesikia notari akibisha hodi. Akaingia na wino wake. Hakumtazama.*

*Bi Ginevra aliketi dirishani na kusema alichotaka kusema kwa lugha ya nyumbani. Kijana akakigeuza Kilatini, lugha ambayo hakuna hata mmoja chumbani mle aliyewahi kuiota. Kalamu ilikwaruza. Caterina aliufahamu mkono ule. Gizani ulikuwa na haraka. Mchana ulikwenda polepole, kama mkono wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.*

*"Jina la baba?"*

*Akalisema. Notari akaandika Jacob. Si jina alilolisema, lakini lilikuwa jirani yake, na alishazoea kuishi kwa majirani.*

*"Kutoka wapi?"*

*Bi Ginevra akajibu yeye. Pande za Circassia. Pande, kana kwamba ni upepo.*

*Wakamuuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo, maana kwa miaka yote mingine hilo ndilo lilikuwa jibu. Titi la kushoto lilianza kumwuma, upande alioupenda mtoto, kisha nguo ikaloa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujua kwamba maziwa hutoka yenyewe ukimfikiria mtoto aliye mbali. Alikunja mikono kifuani. Notari aliinua macho, akayarudisha haraka kwenye karatasi, akakosea neno, akalikata.*

KitiChaMbele

"Alishazoea kuishi kwa majirani." Kahawa imepoa mkuu. Endelea.

Kalamu_Butu

Kimeandikwa vizuri, sibishi hapo. Kwa kuwa umeshaamua huyu ndiye, basi mtumie yote aliyonayo. Vecce anamhusisha na kumbukumbu nyingine: Francesco Castellani, bwana mmoja wa Florence, aliandika kwenye daftari lake la nyumbani kwamba Mei 1450 alimchukua Caterina, mtumwa wa Bi Ginevra, amnyonyeshee bintiye Maria. Bi Ginevra ndiye aliyelipwa. Ni ushahidi kwamba alikuwepo mjini miaka miwili kabla ya hati ya uhuru. Weka hata sentensi moja.

MkungaMstaafu

Wanangu, nimesoma kimyakimya toka jana lakini hapa nimeshindwa. Nimezalisha miaka 31, kijijini na mjini.

Huyu kaka Kalamu_Butu katupa jambo kubwa akaliita sentensi moja. Mwanamke hakodishwi kunyonyesha Mei 1450 kama hana maziwa. Na maziwa hayaji kwa kununuliwa, yanakuja kwa kuzaa. Kwa hiyo Leonardo si mtoto wake wa kwanza. Kabla ya Mei 1450 huyu binti alikuwa amezaa. Wewe MwanaMtoni umeandika "mara yake ya kwanza kujua maziwa hutoka yenyewe". Hapana. Alishajua. Alijua vizuri.

Huyo mtoto wa kwanza yuko wapi?

Na la pili. Leonardo kazaliwa Aprili 1452, ukirudi nyuma miezi tisa ni Julai 1451. Kachukuliwa kunyonyesha Mei 1450. Mtoto wa Castellani ana mwaka na miezi, huenda bado ananyonya, na yaya amepata mimba. Sisi tunajua neno lake: kambemenda mtoto wa watu. Huko kwao waliogopa vilevile, yaya akipata mimba maziwa yake yalihesabiwa mabovu na kazi inakwisha. Sasa fikiria msichana huyo, mtumwa, tumbo linaanza kuonekana kwenye nyumba ya bwana mkubwa aliyelipia maziwa.

Hapo ndipo pa kuanzia hadithi yako, si kwenye wino.

Bi_Kidawa

Allahu akbar. Mkunga, Mungu akuweke.

MwanaMtoni

Mkunga, nimeinuka nikatembea uani nikarudi.

Nimeisoma hiyo habari ya Castellani mara ngapi sijui, kila mara naiona kama anwani: alikuwepo mjini, sawa, tusonge. Sikuwahi kuuliza maziwa yametoka wapi. Mwanamume nikisoma "yaya" naona kazi, wewe umeona mwili.

Na jibu la alipokwenda mtoto, kwa mji ule, ninalo kwa jumla. Mwaka 1445 Florence walifungua Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotupwa, lile jengo la Brunelleschi lenye nguzo nyembamba mbele. Mtoto wa kwanza kupokelewa alikuwa msichana, Februari mwaka ule, wakamwita Agata Smeralda. Wengi miongoni mwa watoto wa pale walizaliwa na watumwa na vijakazi wa majumbani, na baba mara nyingi ni mwenye nyumba au mgeni wake. Mpango wenyewe ulikuwa na hesabu yake: mtoto anapelekwa Innocenti, mama anakodishwa kunyonyesha mtoto wa tajiri, mwenye mtumwa anapokea ujira.

Kwa hiyo kipande changu cha kwanza kimekufa. Titi litaloa, lakini mwenyewe atajua kwa nini. Na atakuwa anahesabu watoto wawili, notari anadhani ni mmoja. Sharti nikiandike upya.

Ila nataka hili ulijibu, Mkunga: unadhani alikubali kirahisi kumwacha wa pili Vinci kwa babu yake?

MkungaMstaafu

Mwanangu, aliyepokonywa wa kwanza akajua yule wa pili yuko kwa babu, ana jina, anakula, na kumfikia ni mwendo wa miguu tu? Huyo kwake ni utajiri. Sisemi hakulia.

Jogoo_la_Shamba

Nauliza tu wakuu, msinicheke. Mona Lisa si ndiye huyo mama yake? Niliona video.

MwanaMtoni

Hatukucheki, Jogoo. Mona Lisa ni Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara wa hariri Francesco del Giocondo, na picha ilianzwa karibu 1503, Caterina ameshazikwa zamani. Kwenye hadithi yangu hakuna tabasamu la mtu yeyote ukutani, nimeapa.

Kalamu_Butu

Narudi na kisu changu. Tuseme ndiye. Je, yule wa Milan ndiye?

Leonardo anaandika: Caterina alikuja tarehe 16 Julai 1493. Mstari mmoja. Ni namna ileile anayoandika watumishi na wanafunzi wanavyoingia nyumbani kwake. Alipokuja yule mtoto Giacomo, anayeitwa Salai, Julai 1490, akiwa na miaka 10, Leonardo alimwandika na kumwongezea sifa pembeni: mwizi, mwongo, mkaidi, mlafi. Sifa nne! Kwa Caterina hakuna hata moja. Mtu anamwandika kijana mwizi kwa moto namna ile, halafu mama yake anamwandika kama gunia la mahindi lililofika stendi?

Mtumishi wa nyumba, mkuu. Mpishi. Alikuja, akafa, akazikwa kwa heshima, bili ikaandikwa.

MwanaMtoni

Kisu chako kikali lakini kina makali pande mbili. Salai aliandikwa kwa moto kwa sababu alikuwa anaiba, na mwizi anahitaji maelezo.

Tazama alivyoandika kifo cha baba yake: tarehe 9 Julai 1504, Jumatano, saa 7, alikufa ser Piero da Vinci, notari wa kasri la Podestà, baba yangu, saa 7. Alikuwa na miaka 80. Ameacha watoto wa kiume 10 na wa kike 2. Basi. Hakuna "nimelia". Lakini saa ameiandika mara mbili. Tarehe 9 mwaka ule ilikuwa Jumanne, siyo Jumatano. Na mzee hakuwa amefika 80. Mtu aliyepima uso wa binadamu kwa sehemu za sehemu amekosea siku, amekosea umri, na saa imemtoka mara mbili. Huyo ndiye Leonardo anapofiwa. Haongezi maneno, tarakimu ndizo zinazoyumba.

Na kule Milan kuna rejista ya vifo ya mji. Tarehe 26 Juni 1494, mtaa wa Porta Vercellina, parokia ya Mtakatifu Nabore na Felice: Caterina wa Florence, miaka 60, kwa homa ya vipindi. Sisi hatuhitaji kamusi kujua homa ya vipindi ni nini. Ukirudisha nyuma, kazaliwa kama 1434, na 1452 ana miaka 18.

Mpishi hawekewi mapadri 4, makleri 4 na nta ya soldi 27. Soldi 27! Nta peke yake imeshinda jeneza, shuka na msalaba kwa pamoja.

Kalamu_Butu

8 na 12 na 4 ni 24. Sawa, imeshinda. Nakaa chini kidogo, sijaondoka.

FundiTanuri

Mimi wa mwisho kuingia, samahani, nilikuwa kazini. Nachoma matofali Kibaha. Naona mmempita mume wake mbio kama mmepewa lifti. Huyu Mtaka-shari alikuwa mtu wa tanuri?

MwanaMtoni

Fundi, ndiyo. Jina lake halisi Antonio di Piero Buti del Vacca. Alikuwa mtu wa tanuri, halafu mkulima, waliishi Campo Zeppi, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu hadi Vinci. Walizaa watoto 5, wa kike 4 na wa kiume mmoja, Francesco, aliyekuja kuuawa Pisa kwa risasi. Nilimwandika Antonio kama adhabu: mwanamke aliyetumika kapewa mume mkorofi.

FundiTanuri

Ndiyo mambo yenu watu wa vitabu. Jina la utani halimzalii mtu watoto watano. Mtu wa tanuri halali usiku wa kuchoma, moto ukishuka umepoteza mzigo wote, na akiamshwa vibaya asubuhi hata malaika atamwita mkorofi. Mwanamke wake ndiye anayejua udongo umekauka au bado, kwa sababu ndiye anayegeuza matofali kivulini kutwa nzima. Tofali likiingia motoni na maji tumboni linapasuka na kupasua wenzake. Mama yangu alikuwa analigonga kwa ukucha na kusikiliza. Huyo Caterina miaka yote aliyokaa na Buti alijua udongo kuliko huyo mwanawe mchoraji. Liandike hilo.

MwanaMtoni

Fundi, umenipa sura ya mwisho.

Nieleze kwanza kwa ambao hawajui: Leonardo alihamia Milan na kwa miaka kadhaa alikuwa anamtengenezea mtawala Ludovico Sforza sanamu ya farasi, kumbukumbu ya baba yake Ludovico. Kwanza mfano wa udongo wa ukubwa kamili, zaidi ya mita 7 kwenda juu, kisha ndiyo shaba iyeyushwe na kumiminwa. Mfano ulionyeshwa Novemba 1493 kwenye harusi ya Bianca Maria Sforza. Shaba yenyewe mwaka uliofuata ikapelekwa kutengenezwa mizinga. Na 1499 wapiga mishale wa Kifaransa wakaufanya udongo ule shabaha.

Sasa tazama tarehe. Caterina alifika Julai 1493.

*Alifika na mavumbi ya njia hadi kwenye kope. Mwanawe alitoka kumpokea akiwa na ndevu, naye akajikuta anamtafuta yule wa miaka mitano nyuma ya zile ndevu, kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango.*

*Alimwonyesha chumba. Akamwonyesha jiko. Kisha akamwonyesha farasi.*

*Alikuwa mrefu kuliko nyumba ya Campo Zeppi ukiweka nyingine juu yake. Watu wote walioletwa pale walirudi nyuma hatua tatu ili wamwone. Caterina alisogea. Aliweka kiganja kwenye mguu wa nyuma, akanusa vidole, akagonga kwa ukucha, akasikiliza. Akazunguka upande wa pili, akagonga tena.*

*"Tanuri lake liko wapi?"*

*"Hachomwi, mama. Huyu ni mfano. Atakuwa wa shaba."*

*"Basi atakaa hivihivi mbichi?"*

*"Hadi shaba ije."*

*Hakumjibu. Alipandisha macho kwenye paja, mahali udongo ulikuwa mnene.*

*"Hapa ndani bado kuna maji," alisema. "Baridi ikija atapasuka hapa. Antonio angekwambia."*

*Mwanawe alitoa kijidaftari kiunoni. Aliandika kwa mkono wa kushoto, akitoka kulia kwenda kushoto, herufi zikirudi nyuma kama kaa. Hakuweza kusoma hata zingekwenda mbele, lakini alipenda kumtazama akiandika. Alidhani ameandika habari ya paja.*

*Alikuwa ameandika kwamba amekuja, na tarehe.*

FundiTanuri

Paja ndipo hasa. Palipo pazito panadanganya, juu kukavu, ndani bado.

Kalamu_Butu

Bado nasema huenda ni mpishi. Lakini mpishi huyu asiguswe, muache hapohapo mguuni pa farasi.

MkungaMstaafu

Mwanangu MwanaMtoni, moja tu halafu nalala. Ile sukari kwenye hesabu ya mazishi. Wakati ule sukari ilikuwa dawa?

MwanaMtoni

Ilikuwa dawa, Mkunga, na ilikuwa ghali, iliuzwa kwa watu wa madawa pamoja na nta na viungo. Mgonjwa wa homa alikorogewa anywe.

Tabibu 5, sukari na mishumaa 12. Kaviandika pamoja kwenye mstari mmoja. Nimekaa na huo mstari wiki nzima nikijaribu kujua sukari ni kiasi gani na mishumaa ni kiasi gani, usiku ngapi za kukesha na vikombe vingapi. Naona alivinunua dukani mara moja, kwa safari moja, wakati bado hajui vipi vitatumika kwanza.